Remazi Aliyeandikwa Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu karatasi saba. Nilipewa kalamu ya kuchovya, kidau cha wino mweusi na daftari la vizazi, nikaambiwa ninakili ukurasa mmoja kwa mazoezi. Karani Mkuu akatoka kwenda kunywa kahawa. Aliporudi alinikuta nimezikunja zile karatasi saba nikazitia mfukoni, kwa kuona haya kuzitupa mahali atakapoziona. Akanyoosha mkono. Nikazitoa moja moja. Akazitazama kwa muda.

"Hizi zina kosa gani?"

"Herufi hazilali upande mmoja, Bwana."

"Kijana," akasema, "hapa tunaandika watu. Herufi zikilala, zikisimama, shauri yao. Ukimwandika mtu vibaya, hapo ndipo utakaponijua mimi."

Niliogopa sana, na nakiri kwamba sikumwelewa. Nilikuwa kijana niliyeacha shule mapema baba alipofariki, nikajifundisha hati nzuri kwa kuiga barua za watu na magazeti makuukuu. Kwa kuwa sikuwa na cheti cha maana, nilidhani usafi wa ukurasa ndio utakaonilinda. Ilinichukua miezi kadhaa, na aibu moja kubwa, kujua kwamba ukurasa unaweza kuwa safi kabisa na usiwe na ukweli.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha tarafa upande wa Msambweni, chenye paa la mabati na dirisha linalotazama mikorosho. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Uandikishaji wa vizazi ulikuwa mgeni kwa watu wetu, na walikuwa na mashaka nao. Naibu chifu alizunguka mabarazani akieleza kwamba mtoto asiye na hati atapata shida kuingia shule. Watu waliitikia vizuri, kisha wakaulizana njiani kama si njia nyingine ya kuhesabu vichwa vya kodi.

Nieleze kazi ilivyokuwa, kwa kuwa nyinyi wa leo mnabonyeza tu. Kila mtoto alipewa mstari mmoja katika daftari, na mstari ulikuwa na safu nyingi: tarehe, mahali, jina, mume au mke, amezaliwa peke yake au pacha, baba, mama, na mwisho jina la mtoa habari. Mtoa habari ni yule aliyekuja ofisini kusema kwamba mtoto amezaliwa. Mstari haukufutwa. Ukikosea, ulipiga kistari chembamba kwa wino mwekundu, ukaandika sahihi juu yake, na herufi za mwanzo za jina lako pembeni, ili yeyote ajaye ajue ni nani aliyekosea. Mwisho wa mwezi tulinakili kila kitu kwa karatasi ya kaboni, tukapeleka nakala Kwale. Huko Bwana Afya, ofisa anayesimamia chanjo, alizitumia kuandaa kadi za ndui.

Sasa, mama aliyejifungua huku kwetu hakai barazani wala hatoki nje mpaka atimize arobaini. Ni siku za kukandwa na kunywa uji wa pilipili manga, na mlangoni kuna pazia. Baba wengi walikuwa Diani, kwenye majengo ya hoteli yaliyokuwa yakiota ufuoni. Kwa hiyo waliokuja kutupa habari walikuwa nyanya, mashangazi, wajomba. Yule aliyejua mengi kuliko wote hakuwahi kufika mbele ya meza yangu. Nami sikuona ajabu yoyote. Nilijaza safu zangu.

Jumatatu moja aliingia mama mtu mzima, amejifunga leso mbili mpya, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwandikisha somo yangu."

Somo ni mtu mnayeitana jina moja. Nikajua mara moja: ni mjukuu, amepewa jina lake. Baba wa mtoto, Salimu, ni mwanawe, fundi seremala Diani. Mama wa mtoto ni Mbeyu, msichana wa Kiduruma aliyeolewa kutoka huko juu Kinango. Mtoto alizaliwa Ijumaa, kabla ya adhana ya alfajiri. Jina: Rehema. Niliandika, herufi zote zikalala upande mmoja. Bi Rehema akaniombea dua, akaenda zake.

Alhamisi yake akaja mwanamume mrefu mwenye vumbi la safari hadi magotini. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia. Alisimama, hakutaka kiti.

"Nimekuja kuandika mtoto wa dada yangu. Amezaliwa Ijumaa, jogoo wa pili. Jina lake Umazi. Ni jina la mama yetu, tuliyemzika mwaka jana."

Mjomba ana neno lake kwa Waduruma, na kwa Wadigo pia. Nilijua hivyo. Kisheria ndugu aliruhusiwa kutoa habari. Niliandika: mama Mbeyu, baba Salimu, jina Umazi. Siku hiyo kulikuwa na foleni, na mimi nilikuwa nikisikitikia doa la wino lililoniharibia pembe ya ukurasa. Mstari wa Jumatatu ulikuwa nyuma, ukurasa mwingine. Sikuufungua.

Mwisho wa mwezi, nikinakili, niliukuta. Baba mmoja, mama mmoja, Ijumaa moja, wasichana wawili. Mtu mwingine angeinuka akaulize. Mimi nilipata joto usoni, nikawaza jambo moja tu: nimewaandika pacha kama watoto wa pekee! Safu imekaa vibaya, na nakala inaondoka kesho! Nilichukua wino mwekundu, nikapiga vistari viwili vyembamba, nikaandika "pacha" juu ya Rehema na "pacha" juu ya Umazi, nikatia herufi za jina langu pembeni, mara mbili. Hata nikafurahi. Niliona kwamba wa adhana ndiye wa kwanza na wa jogoo ndiye wa pili, nikaandika na hilo.

Nilimtia mtoto duniani bila kuuliza mtu.

Bwana Afya alikuwa mtu wa kazi, mgeni kutoka bara, mwenye pikipiki na sanduku la dawa. Alifika kijijini kwa kina Salimu na kadi mbili. Akaletewa mtoto mmoja, akamchanja, akangoja.

"Wa pili?"

"Wa pili yupi?"

"Umazi. Huyu ni Rehema. Umazi yuko wapi?"

Hayo nilihadithiwa baadaye na wengi, kila mmoja akiongeza lake. Kwa upande wa Bi Rehema, jina Umazi lilikuwa jina la kuukeni, la watu wa mkewe Salimu, na hawakujua kwamba mjomba aliwahi kufika ofisini. Kumbe basi kulikuwa na mtoto mwingine, na watu wa kuukeni wana habari zake! Nyakati hizo walikuwapo bado watu waliowaogopa pacha, na masimulizi ya kale ya watoto waliofichwa yalikuwa hayajafa midomoni. Mkunga akaulizwa, akala yamini kwamba alipokea mmoja. Watu wakasema, mkunga naye ni jamaa ya nani? Mbeyu akaulizwa nyuma ya pazia, akalia. Kulia kwake kukafanywa ushahidi. Bwana Afya akamwambia naibu chifu kwamba asipoonyeshwa mtoto wa pili kufikia Jumamosi, itambidi aandikie polisi.

Habari ilifika ofisini Jumatano asubuhi. Naibu chifu aliingia, akavua kofia, akamwambia Karani Mkuu, "Bwana, kuna mama kwetu amepoteza mtoto. Au amempoteza kusudi. Mungu ndiye ajuaye."

"Mama gani?"

"Mbeyu, mke wa Salimu seremala. Alizaa pacha."

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya daftari. Niligeuza kurasa polepole. Nikaiona safu ya mwisho, safu ya mtoa habari, ambayo niliijaza kwa hati nzuri na sikuwahi kuisoma. Rehema: mtoa habari, mama wa baba. Umazi: mtoa habari, kaka wa mama. Watu wawili walikuja kunieleza habari za mtoto mmoja, kila mmoja na jina la upande wake.

Hapa ndipo pa kuungama. Sikusema. Jumatano yote sikusema, na Alhamisi pia sikusema. Nilijiambia labda nimekosea kufikiri, labda kweli ni pacha. Nilikuwa bado katika majaribio ya kazi, na mama yangu na wadogo zangu wanne walikula kwa mshahara ule. Nilijua mwanamke ambaye sijawahi kumwona anaitwa muuaji kwa sababu ya wino wangu, nami nikaendelea kuchonga penseli. Nimewahi kusikia watu wakisema vijana waangalifu ni waaminifu. Mimi nilikuwa mwangalifu.

Ijumaa, baada ya swala, naibu chifu alipita tena. Akasema Mbeyu amekataa kula, na maziwa yamekauka, na mtoto analishwa uji mwembamba kwa kijiko. Ndipo nilipoinuka. Nilibeba daftari kwa mikono miwili hadi kwa meza ya Karani Mkuu, nikalifungua, nikamwonyesha ile mistari kwa kidole.

Alisoma mstari wa kwanza. Akafunua nyuma, akasoma wa pili. Akasoma ile safu ya mwisho.

"Ulimwuliza nani kama ni pacha?"

"Sikuuliza, Bwana."

"Umejua tangu lini?"

"Jumatano."

Akasema taratibu, "Wanawake wanazaa kwa uchungu. Wewe umezaa kwa kalamu, tena hukuhisi hata kichefuchefu." Akavaa koti. "Haya, baba mtoto. Inuka tukamtafute mwanao."

Tuliwakuta wote wamekusanyika: Salimu amerudi kutoka Diani, macho mekundu, Bi Rehema kwenye mkeka, yule mjomba mrefu kwenye kinu kilichopinduliwa, mbali kidogo, kwa kuwa hakuna aliyempa kiti, na Bwana Afya kando ya pikipiki yake. Karani Mkuu aliamkia watu, akaitika salamu za wote bila haraka. Kisha akaniambia, "Sema."

Nilisema. Nilisema mbele ya wote kwamba mtoto ni mmoja, kwamba hajawahi kuwa wawili, kwamba wa pili nilimwandika mimi. Bi Rehema alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "huyu," akamwonyesha mjomba kwa kidevu, "alikuja kwako kisirisiri kumbatiza mjukuu wangu jina jingine?"

"Kisirisiri?" mjomba akaruka. "Nimekuja mchana, jua la utosi, kwa miguu! Wewe ndiye uliyewahi Jumatatu, mtoto hata kitovu hakijaanguka!"

"Ningoje nini? Ningoje umpe jina la marehemu mtoto mchanga?"

"Marehemu ni mama yangu, Bi Rehema!"

"Na mimi ni maiti? Nipo, natembea, nina somo!"

"Jamani," akasema Salimu, "watu walikuwa wanasema mke wangu ameua. Nyinyi mnagombea jina?"

Bi Rehema akajitazama mikono. Mjomba akatazama chini. Na hapo ndani, nyuma ya pazia, sauti ikasema, nyembamba lakini imetulia:

"Bwana karani."

Sote tukageuka. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile.

"Labeka, mama," Karani Mkuu akaitika.

"Mwandike Remazi."

Bwana Afya ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili chake cha bara, hilo ni jina gani.

"Nusu ya mama yangu na nusu ya mavyaa wangu," ile sauti ikasema. Mavyaa ni mama wa mume. "Anayetaka jina zima, azae wake."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa aibu kwanza, kisha kwa nguvu. Bi Rehema akalijaribu lile jina kwa sauti ndogo, mara mbili, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akainuka, akainua pazia, akaingia ndani, na tukamsikia akisema, "Nipe nimshike, mwanangu, nawe ule. Ule sasa hivi, nikuone." Salimu aliketi chini palepale mchangani akalia.

Adhabu yangu ilikuja, nayo ilikuwa nyepesi kuliko niliyostahili. Bwana Mkuu wa Tarafa aliniita, akanisomea barua ya onyo, kisha akaniuliza, "Ungenyamaza hadi Jumamosi?" Nikasema sijui. Akasema, "Jibu hilo ndilo linalokubakisha kazini. Ungesema hapana, ningekufukuza." Mstari wa Umazi ulibatilishwa mbele ya mashahidi wawili. Mstari wa Rehema ulibaki, neno "pacha" likapigwa kistari chekundu, na jina likabadilishwa kwa fomu ya kubadilisha jina, ambayo sheria iliiruhusu kwa mtoto mdogo. Mtoa habari katika fomu ile: mama mzazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaandika maneno hayo.

Tangu siku ile niliweka desturi ambayo wakubwa wangu wengine waliiona ni kupoteza wakati. Kila aliyekuja kwa niaba nilimwuliza, "Mama wa mtoto mwenyewe amesemaje?" Asipojua, nilimrudisha. Nilitukanwa na mashangazi wengi.

Jina lenyewe lilitembea bila msaada wangu. Kwanza lilichukuliwa na majirani waliokuwapo. Waliona limeleta amani, wakalitaka nyumbani mwao. Bi Rehema naye alilitangaza kwenye kila harusi. Nilipohamishiwa Kwale chini ya Msajili Msaidizi, mtu mkali aliyekunywa chai baridi, nilikutana na Remazi mmoja mmoja. Sheikh mmoja alikuja kuuliza kama linafaa, Msajili Msaidizi akamwuliza yeye, "Lina maana mbaya?" Akafikiri, akasema halina. "Basi mwachie mtoto alitie maana nzuri," akajibiwa. Nilipopelekwa Kinango nilidhani nimeliacha ufuoni. Kumbe lilikuwa limenitangulia, kwa miguu ya yule mjomba bila shaka.

Watu wakaanza kuunga na ya kwao. Niliandika Amikadzo, wa Amina na Kadzo. Niliandika mvulana mmoja aliyepewa vipande vya mababu watatu, jina refu hata likapita safu, na babake akakataa kupunguza. Nyumba nyingi zetu zina Mwislamu na Mkristo na mzee wa mila chini ya paa moja. Jina la kuunganisha liliwapa njia ya kutoka kwenye ugomvi kila mmoja akiwa na kipande chake mkononi. Nilikwenda Funzi na daftari kuandikisha watoto waliochelewa, nikakuta Remazi watatu kwenye ukurasa mmoja. Na miaka yangu ya mwisho, Ukunda, waliletwa na wazazi kutoka bara: Remazi Wanjiku, Remazi Achieng'.

Asili yake kila mtu aliijua. Mama mmoja mwenye duka Kona ya Musa aliniambia ni Kiarabu safi. Mwalimu akasema Kiajemi. Kijana wa hotelini akaapa ni jina la mwigizaji. Nami, karani niliyekuwa najua, nilipiga muhuri nikanyamaza, kwa kuwa ndani yangu niliona haya. Niliamini kwamba jina lile zuri limezaliwa na kosa langu, na kwamba kila Remazi anayeandikwa anabeba kipande cha juma lile baya.

Nimestaafu sasa. Nilipoamua kuandika haya, nilikwenda kwanza kuomba ruhusa kwa Mama Remazi, yule Mbeyu wa nyuma ya pazia, maana simulizi ni yake. Ni mtu mzima, anavaa miwani, anachambua mchicha barazani kwake. Nilimweleza ninachotaka kuandika.

"Nataka watu wajue jina lilitoka wapi, Mama."

"Lilitoka wapi?"

"Kwenye kosa langu. Nisingemwandika mtoto mara mbili, usingelazimika kuyaunganisha majina."

Alinitazama. Kisha akacheka hata miwani ikashuka puani.

"Lo! Na miaka yote hii umetembea ukijua hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Maskini mwanamume wa watu. Mtoto yule nilimwita Remazi yuko tumboni. Akinipiga teke namwambia, Remazi, tulia. Siku tuliyomzika mama yangu, mavyaa wangu alinishika mkono toka asubuhi hata jioni, hakuuachia. Ningemwacha nani kati yao? Jina lilikuwapo. Kosa lako liliniletea kero tu, halikuniletea jina."

"Mbona hukusema mapema?"

"Nani aliniuliza?"

Kitu nilichokibeba tangu ujana kiliniondoka mabegani, na niliona haya kwa jinsi kilivyokuwa chepesi. Kisha nikavuta kigoda karibu yake, nikafungua karatasi juu ya goti, nikatoa kalamu.

"Haya, Mama," nikasema. "Jina la mtoto?"

Akaweka mchicha kando, akajipangusa mikono, akanitajia.